Ukuta wa Nje na Baridi ya Alfajiri

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini katika nyanda za Ankole hata aliyekwisha kujenga ukuta hana budi kurudi kuziba ufa, kwani ndimo inamopenya baridi ya alfajiri.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, na ambayo leo yanawahifadhi pia Wakongo, Warundi na Wasomali, familia nyingi huanzia chini ya turubai. Turubai jembamba halizuii jua la mchana wala baridi ya usiku. Baadaye husimikwa fito na kukandikwa udongo, nayo nyumba hutulia. Maana ukuta mnene wa udongo hupokea joto polepole na kulitoa polepole.

Mjini Mbarara, mwenye nyumba ya matofali aweza kuufunika ukuta wa nje kwa mbao za jasi upande wa ndani, na kuijaza nafasi ya katikati nyuzi za kuzuia joto. Kazi hiyo ni njema, ila ina adui wake, naye ni unyevu. Askari aliyelala hemani anamjua: asubuhi turubai hutona matone kwa ndani ilhali mvua haikunyesha. Ni pumzi za waliolala, zilizokutana na kitambaa baridi. Vivyo hivyo, hewa ya chumbani ikipenya nyuma ya ubao na kukuta ukuta baridi, hugeuka maji. Kuvu huota gizani, fremu huoza, na watoto hukohoa.

Basi tunashauri utaratibu huu. Kwanza, ziba nyufa, rekebisha upenu, uache ukuta ukauke kabisa. Pili, weka dari, kwani bati tupu huchoma mchana na kupoa upesi usiku. Tatu, ndipo upigilie mbao za jasi, na kila kiungo kizibwe barabara upande wa chumba.

Ndugu askari na polisi, lipo onyo moja zaidi. Tusizibe matundu ya hewa kisha tukaingiza jiko la mkaa chumbani. Gesi yake ya sumu haina rangi wala harufu, na huwaua watu usingizini. Heri blanketi la pili kuliko jiko hilo.