Jibini ya Liptau: Kwa Nini Maziwa Yachemshwe Kwanza

Kaskazini mwa nchi ya Slovakia kuna eneo liitwalo Liptov, ambalo kwa Kijerumani huitwa Liptau. Wachungaji wa huko wana jibini laini ya maziwa ya kondoo iitwayo bryndza. Jibini hiyo ikichanganywa na siagi, unga wa pilipili tamu nyekundu, kisibiti na kitunguu, hupakwa juu ya mkate, na Waaustria huiita Liptauer. Mjini Vienna maziwa ya ng'ombe hutumika sana badala ya yale ya kondoo, na kila nyumba ina kipimo chake cha viungo.

Mapishi ya kale niliyopewa na familia moja ya huko huanza hivi: acha maziwa mabichi jikoni hadi yagande yenyewe. Agizo hilo fupi lina sayansi nyingi ndani yake. Lina na hatari.

Tuanze na sayansi. Takriban asilimia 80 ya protini ya maziwa ya ng'ombe ni kasini, nayo imeelea humo katika chembe ndogo mno zenye chaji hasi. Chaji za namna moja husukumana. Ndiyo sababu chembe hizo hazishikamani. Bakteria wa maziwa hula sukari iitwayo laktosi na kutoa asidi ya laktiki. Kipimo cha pH, ambacho katika maziwa mapya ni kama 6.6, hushuka. Kifikapo 4.6 chaji hizo hubatilika, na kasini hushikamana kuwa donge. Isitoshe, asidi huyeyusha kalisi iliyokuwa ikizifunga chembe, hata donge likawa laini la kupakika. Donge lifanywalo kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama hubaki na kalisi yake, kwa hiyo huvutika kama mpira.

Hatari ni kwamba maziwa mabichi yaweza kuwa na vijidudu vya homa ya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe. Wapo wanaodhani kuwa uchachu huviua vyote. Sivyo: vijidudu vya brusela huweza kuishi siku nyingi ndani ya jibini mbichi.

Basi na tuchemshe. Lakini hapo huzuka tatizo jipya, maana moto huwaua pia bakteria wa uchachu, huku spora za bakteria wengine zikistahimili. Maziwa yaliyochemshwa yakiachwa hivi hivi mara nyingi huoza na kuwa machungu badala ya kuchachuka vizuri. Dawa yake mwanafunzi yeyote aijua: mtindi.

Chemsha lita 2 za maziwa, uyaache yapoe hadi nyuzi 30 za Sentigredi, kisha koroga humo vijiko vikubwa 3 vya mtindi, ambao nao uwe umetokana na maziwa yaliyochemshwa. Funika kwa muda wa saa 24. Donge likishika, lichuje usiku kucha ndani ya kitambaa safi kilichochemshwa, mahali pa baridi. Yatakayotoka ni majimaji ya manjano yenye ukijani. Rangi hiyo ni ya vitamini B2. Utabaki na jibini yapata gramu 400.

Viungo ni siagi gramu 100, chumvi kijiko kidogo, kisibiti kilichotwangwa kidogo, na unga wa pilipili kijiko kikubwa. Pilipili ichanganywe na siagi kwanza. Mwalimu aweza kuonyesha sababu yake kwa glasi mbili, moja ya maji na moja ya mafuta ya kupikia: tia unga huo katika zote mbili, koroga, uache utuame. Mafuta yatageuka mekundu waziwazi kuliko maji, kwa kuwa rangi ya pilipili, kapsanthini, huyeyuka katika mafuta. (Pilipili hiyo ikiwa mbichi ina sifa nyingine: katika miaka ya 1930 Albert Szent-Györgyi aliitumia mjini Szeged, Hungaria, kupata vitamini C kwa wingi, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1937.)

Kitunguu kitiwe siku ya kula tu. Kikikatwa na kukutana na chumvi hutoa maji kwa osmosisi, na jibini hulegea. Tena huingiza vijidudu vipya. Jibini isiyo na kitunguu hukaa katika jokofu siku tatu au nne.