Programu zinazokagua programu nazo hukosea: namna mafundi wanavyozihoji

Kila siku, wakaaji wa Goma, Bukavu, Bunia, Kalemie ao Lubumbashi wanatuma feza kwa telefone, wanafungua banki kwenye intaneti na kuandikiana ujumbe wa siri. Nyuma ya kila kitufe wanachobonyeza kuna maelfu ya mistari ya msimbo, yaani maandishi ambayo mafundi wa programu wanaandika ili mashine ijue la kufanya. Mstari mmoja ukiandikwa vibaya, siri za watu zinaweza kuvuja. Ndiyo maana kazi ya kusoma mistari hiyo haiachiwi macho ya watu peke yake. Kuna programu zingine ambazo kazi yao ni kusoma msimbo na kutoa onyo pale zinapoona kosa.

Lakini programu hizo za ukaguzi nazo zimeandikwa na watu. Mara zinapiga kelele pasipo na kosa, mara zinanyamaza mbele ya kosa kubwa. Kwa hiyo mafundi wametengeneza vifaa vya kuzihoji: kuuliza mkaguzi ameona nini, amepitia wapi, na ni wapi alipoacha kuelewa.

Gari linalokaguliwa likiwa limesimama

Ukaguzi wa aina hii unafanana na kazi ya fundi anayepima gari kubwa kwenye parking kabla halijashika njia: anaangalia matairi, usukani na breki bila kuwasha moteri. Programu ya ukaguzi vilevile inasoma msimbo bila kuutumikisha. Faida yake ni kwamba kosa linaweza kupatikana kabla programu haijafika mikononi mwa watu.

Wazo hilo si jipya. Katika miaka ya 1970, Stephen Johnson, aliyekuwa akifanya kazi Bell Labs nchini Marekani, aliandika programu iitwayo lint ili kutafuta makosa katika msimbo wa lugha ya C. Jina hilo linamaanisha vinyuzi vidogo vinavyobaki kwenye nguo. Toka wakati ule, wakaguzi wa namna hiyo wameongezeka na kuwa na akili zaidi. Mmoja anayetumiwa sana leo ni Clang Static Analyzer, sehemu ya mradi wa LLVM ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000. Hauuzwi, na mtu yeyote anaweza kuusoma msimbo wake. Clang hiyohiyo ndiyo inayotumiwa kutengeneza programu za telefone za Android na za iPhone.

Namna anavyofanya kazi ni hii. Mkaguzi hajui mtumiaji ataandika namba gani, kwa hiyo anaweka alama mahali pa namba na kuendelea. Akikuta neno «kama», anagawa safari mara mbili: njia moja ambamo sharti ni kweli, na nyingine ambamo si kweli. Kila njia anaifuata akikumbuka alichojifunza humo. Akifika mahali ambapo kosa haliepukiki, anatoa onyo na kuonyesha njia aliyopitia.

Tatizo ni kwamba njia zinazaana haraka. Programu yenye maulizo 20 ya «kama» yanayofuatana inaweza kuwa na njia zaidi ya milioni moja. Hakuna mashine inayoweza kuzifuata zote katika msimbo mkubwa, na hivyo mkaguzi amewekewa mipaka. Kwa kawaida, Clang Static Analyzer anaacha baada ya hatua 225 000 kwa kila kipande cha msimbo anachochunguza, na sehemu inayojirudia anaipitia mara 4 hivi tu. Kosa linalojitokeza kwenye mzunguko wa kumi linaweza kumpita. Basi ukimya wake hauna maana kwamba msimbo ni safi.

Kosa lililowapita wakaguzi

Ulimwengu uliona hatari ya ukimya huo tarehe 7 Aprili 2014, siku lilipotangazwa kosa lililopewa jina Heartbleed. Kosa lilikuwa ndani ya OpenSSL, programu inayofunga kwa siri mazungumzo kati ya telefone ao kompyuta na tovuti nyingi za dunia. Lilikuwa limeanza kusambaa mwezi wa tatu 2012, likakaa zaidi ya miaka miwili.

Chanzo chake kilikuwa chepesi. Kompyuta mbili zinazozungumza huulizana mara kwa mara: «Bado uko?» Anayeuliza anatuma maneno machache, anasema urefu wake, na mwenzake anayarudisha. OpenSSL haikupima kama urefu uliotajwa ulikuwa wa kweli. Ni kama mteja anayeacha kwa mchuuzi kilo moja ya maharagi, kisha anarudi kusema: «Nipe kilo zangu 64», na mchuuzi anajaza mfuko kwa maharagi ya wateja wengine. Kwa kila ombi, mtu mwenye nia mbaya aliweza kupata hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya mashine, zikiwemo maneno ya siri na funguo. Nchini Kanada, idara ya kodi ilisema kwamba namba za utambulisho za watu wapatao 900 ziliibiwa. Hata telefone za Android zenye toleo la 4.1.1 ziliguswa.

Wakaguzi waliokuwa mashuhuri wakati ule hawakuliona kosa hilo. Mafundi waliotengeneza mmoja wao, Coverity, walirudi kumhoji mkaguzi wao na kueleza waziwazi sababu. Mkaguzi alijua kwamba namba inayotoka kwa mgeni haifai kuaminiwa bila kupimwa. Lakini hakutambua kwamba urefu ule ulitoka kwa mgeni, kwa sababu msimbo ulikuwa mgumu kufuatilia toka mahali data inapoingia. Wakamfundisha alama mpya: namba inayogeuzwa mpangilio wa baiti zake, jambo ambalo hufanywa kwa data iliyopita kwenye mtandao, ihesabiwe kuwa ya mgeni. Baada ya hapo, kosa likaonekana.

Kumwuliza mkaguzi ana kwa ana

Vifaa vya kuhoji vya Clang vinaanza na swali dogo kuliko yote: je, mkaguzi alifika kweli mahali hapo? Kuna amri inayomfanya ataje jina la kila kipande anapokichunguza. Kuna vilevile mstari ambao fundi anaweza kuuweka ndani ya msimbo, uitwao clang_analyzer_warnIfReached. Mkaguzi akiukuta njiani, anasema amefika. Asiposema kitu, fundi anajua kwamba ukimya wake kuhusu sehemu ile hauna uzito, kwa kuwa hakuitembelea.

Swali la pili linahusu alichojua alipofika. Hapo kinatumiwa clang_analyzer_eval. Fundi anaandika sharti, na mkaguzi anajibu: ni kweli, si kweli, ao sijui.

Tuchukue programu ndogo ya likelemba inayogawa feza kwa idadi ya wanamemba. Mwanzoni msimbo unahakikisha kwamba idadi inapita sifuri. Kisha unatoa anwani ya namba hiyo kwa kipande kilicho katika faili nyingine, kinachoandika kumbukumbu. Mbele kidogo, msimbo unaonyesha ujumbe «hakuna mtu» ikiwa idadi ni sifuri, halafu unaendelea kugawa. Mkaguzi anatoa onyo: hapa mnaweza kugawa kwa sifuri. Fundi anakasirika: idadi ilishapimwa!

Akiweka swali mara baada ya kipimo cha kwanza, «idadi inapita sifuri?», jibu ni kweli. Akiweka swali lilelile baada ya ile faili nyingine kuitwa, jibu linakuwa sijui. Basi mahali mkaguzi alipopoteza habari pamepatikana. Kwa kawaida anasoma faili moja kwa wakati mmoja. Kwa kuwa kipande cha nje kilipewa anwani, kina uwezo wa kubadilisha namba, na mkaguzi hawezi kuendelea kuapa kwamba haijabadilika.

Sasa fundi ana kazi iliyo wazi. Anafungua faili ile nyingine. Akikuta kwamba kweli inagusa idadi, onyo lilikuwa la haki na likelemba ilikuwa karibu kuanguka. Akikuta kwamba inasoma tu, anaweza kutoa nakala ya namba badala ya anwani yake, na onyo linaisha kwa sababu nzuri.

Ramani ya safari nzima

Kuna siku ambapo maswali mawili matatu hayatoshi. Hapo mafundi wanamwambia mkaguzi achore safari yake yote. Mchoro huo unaonyesha kila hatua, kila njia panda, na yale aliyoamini kwenye kila hatua. Kwa kipande kidogo cha msimbo unaweza kujaa ukurasa. Kwa kikubwa unakuwa msitu wa maelfu ya vijumba na mishale ambao hata kompyuta inachoka kuufungua.

Kwa hiyo kuna amri ya kukata matawi, inayobakiza njia zinazofika kwenye maonyo tu. Kuna na programu ndogo, exploded-graph-rewriter, inayoandika mchoro upya ili usomeke. Inaweza pia kuonyesha tofauti kati ya hatua moja na inayofuata, badala ya kurudia kila jambo. Kazi ya fundi inakuwa kurudi nyuma kutoka kwenye onyo, hatua kwa hatua, hadi pale imani ya mkaguzi ilipoachana na ukweli wa programu.

Mara nyingine mkaguzi mwenyewe anaanguka katikati ya kazi. Faili iliyomwangusha inaweza kuwa na maelfu ya mistari. C-Reduce, kifaa kilichotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, kinajaribu kufuta mistari kidogo kidogo huku kikiangalia kama anguko linabaki palepale. Mwishoni inabaki mistari michache tu, na hiyo ndiyo inayopelekewa wenye kutunza mkaguzi. Kosa likisharekebishwa, mistari ile inahifadhiwa kama mtihani: kila mabadiliko mapya yanapimwa juu yake, kosa la zamani lisirudi.

Hatari ya kuzima kelele

Mtu anaweza kuuliza sababu ya kujisumbua hivyo, wakati onyo linaweza kuzimwa kwa mstari mmoja. Jibu liko katika yaliyopata Debian, mfumo wa Linux unaotumiwa na seva nyingi. Mwaka 2006, vifaa viwili vya kuchunguza kumbukumbu, Valgrind na Purify, vilikuwa vikilalamika juu ya OpenSSL. Hivyo si vya aina ileile, kwa maana vinachunguza programu ikiwa inatembea, lakini fundisho ni lilelile. Ili kumaliza malalamiko, mtunzaji mmoja aliondoa mistari iliyohusika. Mmoja kati yake ndio uliokuwa ukiingiza bahati nasibu katika kutengeneza funguo za siri.

Toka hapo, karibu kitu pekee kilichotofautisha ufunguo mmoja na mwingine kilikuwa namba ya kazi ndani ya mashine, na wakati ule kwa kawaida namba hizo hazikupita 32 768. Mwizi aliweza kuandaa orodha ya funguo zote na kuzijaribu. Kosa lilitangazwa tarehe 13 Mei 2008. Wenye seva za Debian na za Ubuntu, mfumo uliotokana nayo, walilazimika kutupa funguo na kutengeneza zingine. Kelele ilikuwa imekwisha, na ulinzi ulikuwa umekwisha pamoja nayo.

Upande wa pili una hatari yake. Watengenezaji wa Coverity waliandika mwaka 2010 kwamba maonyo ya uongo yakipita asilimia 30, watu wanaacha kumsikiliza mkaguzi, na makosa ya kweli yanazama kati ya yale ya uongo. Kwa hiyo kila onyo la uongo linalopatikana sababu yake na kurekebishwa linarudishia mkaguzi sauti yake.

Kwa vijana wanaojifunza kuandika programu katika miji ya mashariki mwa Congo, vifaa hivi viko karibu kuliko wanavyofikiri. Clang inapatikana bure. Ikishapakuliwa mara moja inafanya kazi bila intaneti, jambo lenye uzito mahali ambapo megabaiti ni feza, na kompyuta ya kawaida inatosha kwa mazoezi. Maelezo yake yako kwa Kiingereza, lakini anayeanza hahitaji kuyamaliza yote. Achukue programu yake ndogo, amwache mkaguzi aisome, na kwenye kila onyo aulize kwanza: ulifika hapa kwa njia gani, na ulijua nini ulipofika? Kisha ayaulize maswali hayohayo pale mkaguzi aliponyamaza.