Juu ya Wazee Waliopotewa na Majina ya Vitu

Katika vijiji vya bonde la Kilombero, bibi aliyetwanga mpunga tangu utoto wake hana haja ya kufikiri ili ataje mchi. Lakini huweza kutokea kwamba, baada ya kupatwa na kiharusi, bibi huyo huyo akautazama mchi, akaujua, akaonyesha kazi yake kwa mikono, na jina lisimjie. Atasema, "Ule, ule wa kutwangia." Jamaa zake hudhani akili imemtoka, na wengine hunong'ona kuwa amerogwa. Basi huacha kumtaka shauri, nao humjibia mbele ya wageni. Hivyo hasara ya pili huizidi ya kwanza.

Ugonjwa huu huitwa afasia. Si ugonjwa wa ulimi, wala si wazimu. Hutokana na kudhurika kwa sehemu za ubongo zitumikiazo lugha, ambazo kwa watu walio wengi zipo upande wa kushoto. Mwaka 1861 Paul Broca, daktari wa Paris, alieleza habari za mgonjwa aliyeweza kutamka karibu silabi moja tu, "tan", hali alifahamu mengi aliyoambiwa.

Tuyaangalie tena maneno ya bibi. Kama angalisema "kile", tungalidhani anataja kitu chochote. Lakini amesema "ule", nao ndio upatanisho wa mchi: jina limefichika, ngeli imebaki. Mwaka 1995 wataalamu waliandika habari za Mtaliano mmoja aliyeshindwa kuyataja majina, ila aliweza kusema kama jina ni la kiume au la kike. Basi anayemsikiliza mzee na asikilize pia viunganisho vyake, maana humwonyesha njia.

Matibabu yake ni kumwongoza hatua kwa hatua. Kwanza tumngojee, tusimnyang'anye neno. Kisha tumwulize: wafanya kazi gani? Umechongwa kwa nini? Huwekwa wapi? Asipoupata, tuanze sisi: "Kinu na…" Asipoweza bado, tumpe sauti ya mwanzo. Hapa lugha zetu zina jambo lake. Kutoa "m" peke yake hakufai sana, kwa kuwa mti, mto, mkeka na mkuki yote huanza hivyo. Afadhali tuvuke kiambishi, tuseme "mch…". Mwisho tulitaje neno, alifuate, kisha alitie katika sentensi yake mwenyewe.

Mafunzo haya yarudiwe mara kwa mara, kwa maneno machache. Yanayofundishwa ndiyo yanayorudi zaidi, kwa hiyo yachaguliwe yale anayoyahitaji: majina ya wanawe, vyakula, vyombo vyake. Wala tusishike Kiswahili peke yake. Mwaka 1895 Pitres, daktari Mfaransa, alisema kwamba lugha iliyozoewa zaidi ndiyo hutangulia kurudi. Wengine wameona si hivyo siku zote. Basi akijibu kwa Kindamba, Kipogoro au Kimbunga, amejibu, asikosolewe.

Mtu akipotewa na maneno ghafula, asingojwe hata kesho, bali apelekwe hospitali saa ile ile. Na akirudi nyumbani, arudishiwe kiti chake katika mashauri. Neno lake litachelewa, lakini shauri lililo nyuma ya neno hilo ni lake bado.