UZI: Wakikuambia "tutakuwa kama Singapore", waulize ni nani ataondoa taka ya Kitale

1/ Siku hizi mdahalo hauishi bila mtu kusema "tutageuza hii nchi iwe Singapore". Nusu ya ukumbi inapiga makofi, nusu inacheka. Wanaouliza Singapore ilifanya nini hasa ni wachache. Uzi huu ni wa hao wachache. Sitataja mwanasiasa wala chama, kwa hivyo hasira za mrengo wako ziache nje ya kamenti. Tunaongea mazingira ya kuishi: nyumba, soko, taka, maji. Mifano yetu ni Kitale na Bungoma.

2/ Kwanza tuijue yenyewe. Ni kisiwa kimoja kikubwa na vingine vidogo vidogo, jumla haifiki kilomita za mraba 740, watu karibu milioni 6. Kaunti ya Trans Nzoia pekee ni karibu kilomita za mraba 2,500, na sensa ya 2019 ilihesabu watu chini kidogo ya milioni moja. Yaani nchi nzima ya Singapore inaingia Trans Nzoia mara tatu na nafasi inabaki.

3/ Tena Kitale na Singapore zote ziko digrii moja na ushei kaskazini mwa ikweta. Kinachotutenganisha ni kimo. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kilima kirefu kuliko vyote Singapore hakifiki mita 170. Ndio maana usiku wao wanalala na jasho na sisi tunatafuta sweta. Sasa twende kwenye hoja zenyewe.

4/ HOJA: "Wakati wa uhuru tulikuwa sawa na wao."
Si kweli. Kwa takwimu za Benki ya Dunia, mwaka wa 1965, ule Singapore ilipotengana na Malaysia, pato la kila mtu kule lilikuwa zaidi ya dola 500. Kenya tulikuwa karibu dola 100. Tofauti ya mara tano! Tayari walikuwa bandari kubwa ya biashara. Hii haisemi kwamba sisi hatuwezi. Inasema tu hatukuanza mbio kwenye mstari mmoja, na anayekuambia walitupita kwa bidii peke yake amekuficha nusu ya hadithi.

5/ Lakini pia usidhani mtu wa kawaida kule aliishi vizuri. Wengi walikaa vibanda vilivyobanana, vya mbao na makuti au mabati, na choo kilikuwa ndoo. Tarehe 25 Mei 1961 moto uliteketeza mtaa wa Bukit Ho Swee, watu karibu 16,000 wakabaki bila makao. Shirika la nyumba la serikali, HDB, lilikuwa limeundwa mwaka mmoja tu kabla. Likajenga ghorofa palepale, na leo karibu wakazi 8 kati ya 10 wanaishi nyumba zilizojengwa na shirika hilo.

6/ Hapo ndipo wanasiasa wetu hukatiza hadithi. Wanakuonyesha ghorofa, hawakuonyeshi ardhi. Mwaka wa 1966 Singapore ilipitisha sheria ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, na fidia ilikuwa ya chini. 1973 ikagandisha kabisa bei ya kukokotoa hiyo fidia, hata kama soko lingepanda. Na nyumba ya HDB "ukiinunua" unapata miaka 99. Ikiisha, inarudi kwa serikali.

7/ Sasa ilete Bungoma. Mwambie mzee pale Kanduyi kwamba ploti aliyoachiwa na babake inachukuliwa kwa bei serikali itakayotaka yenyewe. Utatoka hapo mbio! Na Katiba iko upande wake: kifungu cha 40 kinasema ardhi ikitwaliwa, fidia iwe ya haki na ilipwe bila kuchelewa. Mimi naona hicho ni kinga nzuri. Lakini maana yake ni kwamba ghorofa za mtindo wa Singapore hapa zina gharama ambayo wao hawakulipa.

SWALI LA 1 kwa mgombea: ardhi itatoka wapi, na mwenyewe atalipwa shilingi ngapi?

8/ HOJA: "Tozo ya nyumba ndiyo njia ya Singapore."
Nusu nusu. Kule kuna mfuko wa lazima, CPF, ulioanza 1955. Tangu 1968 watu wameruhusiwa kutumia pesa zao za mfuko huo kununua nyumba. Makato ni makubwa: mfanyakazi wa miaka 55 kurudi chini anakatwa asilimia 20 na mwajiri anaongeza 17. Lakini pesa hiyo iko kwenye akaunti yenye jina lako. Ni akiba yako.

9/ Yetu, chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024, ni asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri analipa kiasi hicho hicho. Ni ndogo, sawa. Lakini haikuwekei akiba kwa jina lako. Mwalimu wa Kimilili anaweza kulipa mpaka astaafu asipate hata ufunguo. Unaweza kuitetea kama ushuru wa kujengea wengine nyumba na kuleta kazi za mjengo. Hiyo ni hoja halali. Kuiita CPF ni kudanganya watu.

SWALI LA 2: nikilipa, ninachopata ni akiba, nyumba, au ni ushuru tu? Nijibu kwa neno moja.

10/ HOJA: "Tusafishe mji, tuondoe wachuuzi barabarani kama Singapore."
Hii ndiyo inaumiza watu zaidi, kwa hivyo tuende polepole. Ni kweli Singapore iliondoa wachuuzi barabarani. Ila angalia mpangilio. Kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1960, iliwahesabu na kuwaandikisha, karibu 18,000. Halafu kutoka 1971 hadi 1986 ikajenga masoko ya vyakula yenye maji ya mfereji, mitaro, umeme na mahali pa taka, na kodi ikawa ya chini. Mchuuzi alihamia mahali palipokuwa tayari. Ilichukua miaka 15.

11/ Leo masoko hayo ni fahari yao. Mwaka wa 2020 UNESCO iliuweka utamaduni wa vyakula vya wachuuzi wa Singapore kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu. Yaani wale watu tunaoambiwa ni "uchafu wa mji" ndio kule wamekuwa urithi!

12/ Kwetu mpangilio hugeuzwa. Askari wa kaunti wanafika asubuhi, nyanya zinamwagwa, mama mboga anakimbia na kilichobaki. Ukiuliza soko liko wapi, unaambiwa linakuja. Likija, liko mbali na stendi, mteja hafiki, na baada ya mwezi watu wamerudi barabarani. Hapo anayelaumiwa ni mchuuzi, aliyepanga hatajwi.
Vivyo hivyo kwa mitaa ya mabanda kama Kipsongo pale Kitale. Kubomoa kunachukua asubuhi moja. Wale watoto watalala wapi usiku huo?

SWALI LA 3: kabla ya kuondoa mtu, umemjengea wapi? Tuonyeshe, twende tupaone.

13/ HOJA: "Wao wana nidhamu, sisi ni wachafu."
Hii napinga kabisa. Mto wa Singapore ulikuwa unanuka mpaka miaka ya 1970. Ukaanza kusafishwa 1977 na kazi ikamalizika 1987. Haukusafishwa kwa hotuba za nidhamu. Mabanda ya nguruwe na bata yaliondolewa kando ya maji, maelfu ya familia wakahamishiwa nyumba zenye mabomba ya maji taka, mashua za mizigo zikapelekwa kwingine, sakafu ya mto ikachimbwa tope. Faini zilikuwepo, na ni kali. Lakini faini ya kutupa taka ina maana pale ambapo pipa lipo na gari la taka linapita.

14/ Kitale ilikuwa na watu zaidi ya 160,000 kwa sensa ya 2019, na Bungoma mjini karibu 68,000. Hawa si watu wengi wa kushinda serikali. Sasa, taka ni kazi ya nani? Jedwali la Nne la Katiba limeandika: kuzoa taka, majaa ya taka, mitaro ya maji ya mvua mjini, huduma za maji na maji taka, masoko. Yote ni ya KAUNTI. Kwa hivyo mgombea urais akikuahidi Kitale safi, anakuahidi kazi ya ofisi asiyoigombea. Na gavana akilaumu Nairobi kwa mtaro ulioziba, mkumbushe hilo jedwali.

15/ Na si lazima tuige kila kitu. Singapore haina nafasi, kwa hivyo inachoma taka zake nyingi na kupeleka majivu kwenye jaa lililojengwa baharini, Semakau, lililofunguliwa 1999. Mitambo hiyo ni ghali. Soko la Kitale linatoa nini? Majani ya kabeji, maganda ya ndizi, mabua na magunzi ya mahindi. Ni taka mbichi, inaoza. Ukiichoma unapoteza mafuta bure. Ukiitenga na kuiozesha vizuri inakuwa mbolea, na hapa tumezungukwa na wakulima wanaolia bei ya mbolea kila msimu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 tayari inataka taka itengwe pale inapotoka.

SWALI LA 4: gari la taka litapita mtaa gani, siku gani, na taka ya soko itaenda wapi?

16/ Kitu kingine: Singapore ni mji na nchi kwa pamoja. Hakuna gavana, hakuna kaunti jirani, hakuna kurushiana mpira. Sisi tuna kaunti 47 na mito haijui mipaka. Mto Nzoia unakusanya maji ya Cherangani na Mlima Elgon, unapita Trans Nzoia, unashuka Webuye kwenye kaunti ya Bungoma, unaendelea hadi Budalang'i kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Msitu ukikatwa huku juu, na mtaro wa maji taka ukifunguliwa mtoni, wa chini ndio wanakunywa na ndio wanafurika.

17/ Wenzetu hawana milima ya kuwapa maji. Wananunua kutoka Johor, Malaysia, kwa mkataba wa 1962 utakaoisha 2061. Tangu 2003 wanasafisha maji taka mpaka yanatumika tena, na tangu 2005 wanatoa chumvi kwenye maji ya bahari. Sisi chemchemi ziko juu ya vichwa vyetu, halafu Matisi mtu ananunua maji kwa mtungi.

SWALI LA 5: mna makubaliano gani na kaunti jirani kuhusu Nzoia, na yako kwenye bajeti gani?

18/ Tusisahau gharama ya kisiasa. Chama kimoja kimetawala kule tangu 1959. Maandamano yanahitaji kibali, magazeti yamebanwa miaka mingi. Tangu 1990 ukitaka kumiliki gari lazima kwanza ushinde mnada wa kibali cha miaka 10, na bei imewahi kupita dola 100,000 za Singapore, gari lenyewe bado hujanunua. Wengine wataona ni sawa, mradi mji ni safi. Wengine watasema hapana. Lakini mtu akikuuzia matokeo bila kukutajia bei, huyo anafanya kampeni.

19/ Kwa hivyo pande zote mbili zina kasoro. Anayesema "tukaze tu mkono kama wao" anasahau kwamba mkono ule ulijenga soko kabla ya kufukuza mchuuzi. Anayesema "haiwezekani Afrika" anasahau kwamba kuzoa taka Jumanne na Ijumaa hakuhitaji kuwa kisiwa wala kuwa tajiri. Kinachohitajika ni gari, dereva anayelipwa, na mtu wa kuulizwa lisipopita.

20/ Mahali pa kuuliza haya si kwenye kamenti peke yake. Kila kaunti ina mpango wa miaka mitano. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Katikati hapo kuna vikao vya ushirikishaji wa umma. Mara nyingi viti viko wazi, na wanaokuja ni wale walioletwa na MCA.

21/ Nenda kikao cha wadi yako. Usiulize "mtatufanya Singapore lini?" Utapewa hotuba. Uliza: soko jipya liko kwenye ukurasa gani wa bajeti, ni shilingi ngapi, na wachuuzi wameshahesabiwa? Akishindwa kujibu, umepata jibu lako kabla ya kufika debeni.

Kama uko Kitale au Bungoma, niandikie chini gari la taka hupita mtaa wenu siku gani. Kama halipiti, andika "halipiti" na jina la wadi. Tuanze kuhesabu wenyewe.