Mbawa za Kulipia: Mabinti na Masomo ya Urubani

Barabara kuu itokayo Gilgil kwenda Nakuru hupita Kariandusi, mahali panapojulikana na wanafunzi wa historia kwa mashoka ya mawe aliyoyafukua Dkt. Louis Leakey tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwa machimbo ya udongo mweupe yaliyo jirani. Lakini mgeni kutoka Pwani akifika pale jua likishapanda, atatazama juu kabla hajatazama chini. Wari wa ziwa la Elementaita hupanda na hewa moto, wakazunguka bila hata kupiga mbawa, mpaka wakawa vitone tu, kisha wakashika njia ya Nakuru kutafuta samaki. Elementaita pana miamba salama ya kutagia mayai, ila chakula chao kiko Nakuru, tena samaki wenyewe waliletwa na watu kutoka Magadi. Mswahili atacheka kidogo, kwani kwetu mwari ni ndege huyo, na mwari ni binti aliyebaleghe pia.

Mwari ndege hupandishwa na jua bure. Mwari binti je, akitaka kuruka, ni nani amlipie?

Swali hili si geni katika bonde hili. Mbele kidogo ya mji wa Nakuru, huko Njoro, ndiko alikolelewa Beryl Markham, binti wa Kiingereza aliyeletwa Kenya mdogo mno na baba yake mfuga farasi. Mnamo Septemba 1936 bibi huyo alirusha ndege peke yake kutoka Uingereza, akavuka bahari ya Atlantiki kuelekea magharibi kwa muda wa saa zaidi ya 20, akaangukia kwenye tope la Nova Scotia, Kanada. Hakuna mwanamke aliyekuwa amevuka peke yake kwa upande huo kabla yake. Sifa zake zimeandikwa sana. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba ndege yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa mali ya John Carberry, tajiri wa Kizungu aliyeishi Kenya, naye alimwazima.

Na kiwanja cha Wilson pale Nairobi, ambako vyuo vya urubani viko mpaka leo, kimepewa jina la mwanamke, ingawa wengi wapitao hapo hudhani Wilson alikuwa bwana fulani. Bi. Florence Kerr Wilson, mjane mwenye mali, ndiye aliyeanzisha shirika la Wilson Airways mwaka 1929. Basi hao wa zamani walikuwa na fedha zao, au walikuwa na marafiki wenye fedha.

Binti wa Kariandusi, au wa Lamu, au wa Kwale, hana hiki wala hicho. Urubani haufundishwi ubaoni peke yake. Hufundishwa kwa saa za hewani, na kila saa ina mafuta yake, mwalimu wake na fundi wake, vyote hulipiwa. Leseni ya kwanza, ya mtu kurusha ndege bila kulipwa, hutaka saa zipatazo 40 na zaidi. Leseni ya biashara hutaka saa kama 200. Ujumlishe, utakuta ni mamilioni ya shilingi. Basari za kaunti na za eneo bunge hugawanywa kwa watoto wengi, kila mmoja akapata cha karo ya muhula, na kwa mwanafunzi wa urubani kiasi hicho hakimfikishi mbali.

Ndiyo maana tusistaajabu kwamba Bi. Irene Koki Mutungi, aliyeingia Kenya Airways mwaka 1993 akiwa rubani wa kwanza mwanamke wa shirika hilo, alikuwa mtoto wa rubani. Alianzia Wilson, akenda kumalizia Oklahoma, Marekani. Kwa muda wa miaka sita alikuwa mwanamke peke yake miongoni mwa marubani wa shirika hilo, na mwaka 2014 akawa nahodha wa ndege kubwa ya Boeing 787. Heshima yake ni yake, hakuna wa kumpunguzia. Lakini nchi haiwezi kungoja marubani wazae marubani.

Kuna wasomaji watakaosema kwamba kizuizi si fedha, ni dini. Juu ya safari ya mwanamke bila ya maharimu, maulamaa wametofautiana, nami si mwenye elimu ya kutoa fatwa. Nitasimulia tu habari za Bi. Lotfia El Nadi wa Misri, aliyezaliwa Cairo mwaka 1907.

Bi. Lotfia alisoma gazetini kwamba chuo cha urubani kimefunguliwa huko kwao. Baba yake, mtumishi wa matbaa ya serikali, hakutaka kusikia neno hilo, na yeye mwenyewe hakuwa na hata senti ya kulipia. Akamwendea mkuu wa chuo, Bw. Kamal Elwi. Bwana huyo hakumpa sadaka wala hakumfukuza, alimpa kazi. Binti akawa karani na mpokeaji simu wa chuo kile kile, na ujira wake ukawa ndio karo yake. Nyumbani alisema anakwenda kusoma na wenzake, jambo ambalo siwezi kumsifia. Septemba 1933 akapata leseni, Mwarabu wa kwanza miongoni mwa wanawake, na Mwafrika wa kwanza pia. Picha yake ilipotoka magazetini baba alikasirika, basi binti akampandisha ndegeni, akamzungusha juu ya Cairo na mapiramidi, na mzee akaridhika. Bi. Huda Sha'arawi, kiongozi wa wanawake wa Misri, alianzisha mchango ili binti huyo anunuliwe ndege.

Angalieni hapo kulikuwa na misaada miwili. Mchango wa Bi. Huda ulikuja baada ya leseni, wakati jina limeshavuma. Kazi ya ukarani ilikuja kabla, binti akiwa hajulikani na mtu. Bila ya huo wa kwanza, huo wa pili usingekuwako.

Bessie Coleman, binti mweusi wa Texas aliyekuwa akitengeneza watu kucha katika kinyozi cha Chicago, naye alipata msaada wa namna ya ule wa kwanza. Vyuo vya Marekani vilimkataa kwa rangi na kwa uanauke. Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, akamhimiza aende Ufaransa, na yeye na Jesse Binga, mwenye benki, wakamsaidia kwa fedha. Mwezi wa Juni 1921 alipata leseni yake.

Siku hizi iko misaada ya masomo iliyowekwa makusudi kwa ajili ya wanawake. Miongoni mwa iliyo kongwe ni ya chama cha Ninety-Nines, kilichoundwa karibu na New York mwaka 1929 na wanawake 99 wenye leseni, rais wake wa kwanza akiwa Amelia Earhart. Baada ya Bi. Earhart kupotea baharini mwaka 1937, wenzake waliweka mfuko kwa jina lake, na tangu 1941 umekuwa ukilipia wanawake wa nchi mbalimbali. Kiko pia chama cha Women in Aviation International, ambacho hutoa misaada kila mwaka.

Yote ni mema. Lakini soma masharti. Mfuko wa Earhart humtaka mwombaji awe mwanachama mwenye leseni tayari, ndipo alipiwe ngazi ya juu zaidi. Hata tuzo zao ndogo za wanaoanza humtaka awe ameshakuwa mwanafunzi wa urubani. Yaani msaada huanzia pale ambapo binti wetu hajafika. Saa zile 40 za mwanzo ndizo mlango, na mlango huo hauna mlipaji.

Kwa maoni yangu hapo ndipo Pwani ingeweza kutia mkono. Sisi ni watu wa wakfu tangu zama za masultani. Tumeweka wakfu mashamba, visima na nyumba kwa ajili ya misikiti na madrasa. Kodi ya nyumba moja ya ghorofa mjini Mombasa, ikikusanywa miaka kadhaa, ingemfikisha binti mmoja kwenye leseni ya kwanza, naye kutoka hapo akaombe Marekani kama wenzake. Vyuo vya Wilson navyo vingeweza kuiga mtindo wa Bw. Elwi, kwani makarani na wapokea simu wanao.

Kwa mzazi mwenye binti wa kidato cha tatu au cha nne, atazame kwanza hesabu, fizikia na Kiingereza chake. Kisha, kabla hajauza kiwanja wala kuitisha harambee, ampeleke kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, apimwe macho, masikio na moyo. Wako waliolipa karo kwanza na kupimwa baadaye.