Je, Wajua? Injini Gani Inaingia Kwenye Datsun 240Z

Je, wajua kwamba gari la spoti lililotikisa Safari Rally mwanzoni mwa miaka ya 1970 halikuwa na turbo, halikuwa na kompyuta, na kamshafti yake ilikuwa moja tu? Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walimaliza wa kwanza wakiwa na Datsun 240Z yenye injini ya L24: silinda sita kwenye mstari mmoja, cc 2,393. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta, naye akiwa na 240Z. Miaka miwili baadaye Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, alishinda yeye pamoja na Lofty Drews, tena kwa chupuchupu. Pointi zake za adhabu zililingana kabisa na za Harry Källström wa Datsun 1800SSS, ikabidi waamuzi waangalie nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza.

Kwa hiyo mtu akikwambia anataka kuing'oa L24 aweke injini ya kisasa, mwulize kwanza anatafuta nini. Nguvu? Spea? Gari linalowaka asubuhi bila kuvuta choki? Kila jibu lina injini yake. Nimeona pesa nyingi zikiteketea kwa watu waliotaka kitu kimoja wakanunua injini ya kitu kingine.

Je, wajua kwamba 240 kwenye jina ni lita 2.4 za injini? Kwao Japani gari hilo liliitwa Fairlady Z, na mengi yalifungwa injini ya lita mbili, maana gari lililozidi cc 2,000 lilitozwa kodi kubwa zaidi. Kulikuwa pia na Z432, iliyopewa injini ya S20 kutoka Skyline GT-R, na namba zake zinaieleza injini hiyo: valvu nne kwa kila silinda, kabureta tatu, kamshafti mbili. Baadaye ikaja 260Z ya cc 2,565, kisha 280Z ya cc 2,753. Nissan, wenye jina la Datsun, wenyewe waliibadilishia bodi hii injini mara kadhaa kabla ya fundi wa mtaani kuwaza jambo hilo.

Na injini iliyo rahisi kuliko zote kuiingiza ni ipi? Ni L28, hiyo ya 280Z, ndugu wa tumbo moja na L24. Inakaa kwenye mauntini zilezile, inashika giaboksi ileile, na boneti linafunga. Tangu 1975 ilikuja na nozeli za mfumo wa Bosch badala ya kabureta, na mwaka 1981 ikatoka yenye turbo na nguvu farasi 180. Ina ndugu wa dizeli pia, LD28, ambaye mwendo wa pistoni yake ni milimita 83 badala ya 79. Mafundi huichukua kranki ya dizeli, wakaitia ndani ya bloku ya L28, wakatanua silinda hadi milimita 89, na hapo wanapata cc 3,098. Kwa umri hiyo si injini ya kisasa. Lakini ifungie nozeli na koili zinazoongozwa na kompyuta ya leo: itawaka kwa ufunguo mmoja, itakula mafuta kwa kipimo, na mlio utabaki uleule wa Safari. Ningeulizwa mimi, ningeanzia hapo, na naamini wengi wasingehitaji kwenda mbali zaidi.

Je, wajua kwamba nguvu farasi 151 zilizotangazwa za L24 zilipimwa injini ikiwa imevuliwa mizigo? Wamarekani enzi hizo walitangaza kipimo cha injini iliyo kwenye stendi, bila vifaa vingi inavyovikokota ikiwa ndani ya gari. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakahamia kipimo cha injini iliyovaa vitu vyake vyote, na namba zikashuka bila bolti kuguswa. Usilinganishe 151 ya wakati ule na 151 ya leo.

Hili je? RB26DETT, injini ya Skyline GT-R ya mwaka 1989 ambayo vijana huiota usiku na mchana, ina mwendo wa pistoni wa milimita 73.7, sawasawa na L24. Kilichoongezeka ni kipenyo cha silinda, kutoka 83 hadi 86, na juu yake zikaja turbo mbili na kamshafti mbili. Kwenye karatasi ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 280, kwa sababu kampuni za Japani zilikuwa zimekubaliana kutotangaza zaidi ya hapo.

Ila kuna mtego chini yake. GT-R huendeshwa na magurudumu yote manne, na difu yake ya mbele imeshikamana na sampo ya oili. Kwenye 240Z, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, sampo hiyo haina kazi wala haina pa kukaa. Itabidi utafute sampo ya Skyline ya magurudumu ya nyuma pamoja na bomba lake la kunyonyea oili. Ndiyo maana RB25DET, cc 2,498 na turbo moja, inayopatikana kwenye Skyline za magurudumu ya nyuma, inamwokoa mtu gharama na maumivu ya kichwa, ingawa haina jina kubwa la dada yake.

Je, wajua kwamba V8 yaweza kuwa fupi kuliko silinda sita? Silinda sita za mstari zinasimama foleni moja, za V8 zinasimama foleni mbili za nne nne. LS1 ya General Motors, iliyotoka na Corvette ya 1997, ina cc 5,665 na bloku ya aluminiamu, na kwa kuwa ni fupi inaweza kusogezwa nyuma karibu na dashibodi, uzito usiegemee pua ya gari. Kamshafti yake ni moja, imezama ndani ya bloku, kwa hiyo hedi zake ni nyembamba na hazipandi juu. Sasa iweke kando ya V8 ya lita 5.0 ya Ford Mustang ya 2011, yenye kamshafti nne juu ya hedi. Ya Ford ina cc chache zaidi, lakini kwa upana ndiyo kubwa. Cc hazikwambii injini itaenea wapi.

Corvette hiyo giaboksi yake iko nyuma, imeungana na difu. Ukinunua injini yake ukidhani giaboksi itafuata, utarudi nyumbani na nusu ya safari. Injini ya jamii hiyohiyo iliyotoka kwenye Chevrolet Camaro ndiyo inayokuja na giaboksi mgongoni.

Tena, kutia V8 ya Kimarekani kwenye gari dogo si uzushi wa juzi. AC Ace ya Uingereza ilitumia injini ya Bristol, na Bristol walipoacha kuitengeneza, Carroll Shelby akaomba bodi hiyo atie V8 ya Ford. Mwaka 1962 ikazaliwa Cobra. MGB nayo ilipewa V8 na kiwanda chenyewe mwaka 1973, ya Rover, cc 3,528, ya aluminiamu, ambayo Rover walikuwa wamenunua haki zake kutoka General Motors. Ndiyo injini iliyokuwa kwenye Range Rover za kwanza.

Je, wajua kwamba namba ya bodi ya Toyota Mark II inakutajia injini iliyomo? GX100 ni injini ya jamii ya G. JZX100 ni ya jamii ya JZ. Herufi mbili hizo zinatenganisha gari la kwenda kazini na gari linalotafutwa na wenye 240Z, maana 1JZ ina cc 2,492, na 2JZ ina cc 2,997, kipenyo 86 na mwendo wa pistoni 86. Bloku zake ni za chuma kinene cha kusubu, zinastahimili turbo kubwa, lakini ni ndefu na nzito. Faida yake kwetu ni spea. Kuanzia Sharjah hadi Dar es Salaam na Nairobi, pampu ya maji ya JZ mtu anaijua kwa kuiangalia tu. Injini unayoweza kuitengeneza Jumamosi mchana ni bora kuliko injini unayoisubiri miezi mitatu ikisafiri kwa meli. Hilo nalisema kwa moyo wangu wote.

Siku moja nilikuwa gerejini wakati injini ya V8 ikiteremshwa kwa mnyororo kwenye gari la zamani. Ilikaa vizuri, mauntini zikachomelewa, tukapeana mikono. Boneti lilipofungwa likabaki limeinuka vidole viwili. Hakuna aliyekuwa amepima juu, wote tulipima kulia na kushoto. Tangu siku hiyo najua dawa yake, nayo ni udongo wa kuchezea watoto. Unafinyanga madonge, unayabandika sehemu zote zilizo juu kabisa: kifuniko cha hedi, mdomo wa kuingizia hewa, pembe ya altaneta. Unateremsha boneti taratibu mpaka lifunge, unalifungua, kisha unakata kila donge kwa wembe na kupima unene uliobaki. Milimita 20 utalala usingizi. Milimita tano ujue injini itakapotikisika itagonga. Na kazi hii hufanywa kabla ya kuchomelea.

Je, wajua kwamba pampu ya mafuta ya gari la kabureta inasukuma paundi tatu au nne tu kwa inchi ya mraba, na LS1 inataka 58? Bomba, mipira, kichujio na pampu vyote hubadilishwa. Usiache mpira wa zamani hata mmoja.

Je, wajua kwamba mshale wa mizunguko kwenye dashibodi ya 240Z unasoma umeme wa koili moja? Injini ya leo ina koili kwa kila silinda, na mshale unalala. Vipo vifaa vidogo vya kuutafsiria. Na ukinunua injini yenye pedali ya umeme, nunua pedali na kontroli boksi kutoka gari lilelile ilikotoka injini, maana zikitoka magari tofauti haziongei.

Wenye usukani wa kulia wasome hapa mara mbili. Vifaa vingi vya kufungia injini kubwa kwenye 240Z vilichorwa Marekani, ambako usukani uko kushoto. Upande ambao kwao ni mtupu, kwetu ndipo unapopita mti wa usukani. Injini ya turbo inaweza kuleta moto wa eksozi palepale. L24 haikuwa na shida hiyo kwa namna yake, maana hewa huingia na moshi hutoka upande mmoja wa hedi, wa kushoto, na kulia kukabaki na nafasi. Chukua fimbo nyembamba, ipitishe mahali pa mti wa usukani, uone inagusa nini.

Difu ya 240Z inaitwa R180, na namba hiyo ni kipenyo cha gia yake kubwa kwa milimita. R200 ya 280Z ni nene zaidi. Breki za nyuma ni za ngoma. Gari lenyewe lina zaidi kidogo ya tani moja, halina chasisi ya kujitegemea, na kutu hupenda kuanzia chini ya betri. Mtu anayeongeza nguvu mara mbili bila kugusa vitu hivi ananitia hofu ya kweli, kwa ajili yake na kwa ajili ya aliye mbele yake barabarani.

Je, wajua kwamba kadi ya gari ya Tanzania na logbook ya Kenya zote zimeandikwa namba ya injini? Injini ikibadilika, karatasi nazo zibadilike. California wanadai injini ya kubadilishia iwe ya mwaka uleule wa gari au mpya zaidi, ila magari ya 1975 kurudi nyuma hayapimwi moshi, na 240Z zote zimo humo.

Na umeme? Mota ya Nissan Leaf ya mwaka 2010 ina msukumo wa Nm 280, wakati L24 ilitangazwa ikiwa na takriban 198. Inaingia, na nafasi inabaki. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, halilihesabu gari lililogeuzwa hivyo kuwa la kihistoria, na huwashauri wamiliki wafanye mabadiliko yanayoweza kurudishwa na watunze vitu vya asili.

Kwa hiyo L24 ikishatoka, isiende kwa wauza vyuma chakavu. Mimina oili kidogo kwenye kila silinda kupitia matundu ya plagi, rudisha plagi, ziba midomo yote, ifunge turubai, iweke juu ya mbao, na kila baada ya miezi michache izungushe kwa spana. Kwenye chumba cha injini kuna kibati kidogo cha Nissan. Kimeandikwa cc 2,393, nguvu farasi 151, na namba ya injini ileile uliyoifunga turubai. Kisafishe kwa kitambaa laini, na usikibandue.