Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Lakini Nani Hupona Katika Safari za Kifahari?

Ukifungua matangazo ya kampuni za utalii utaona wanauza kitu ambacho mtu wa Kibokoni au Majengo angeshangaa kwamba kina bei: utupu. Picha ni ya hema kubwa lenye kitanda cha shuka nyeupe, bafu la maji moto na meza iliyoandikwa. Mbele ya hema ni nyika kavu, hakuna nyumba wala waya wa stima mpaka macho yachoke. Matangazo mengi ni ya Namibia na Botswana, nchi za jangwa kule kusini mwa Afrika. Mgeni hupokewa uwanja wa ndege, huwa na mwongozaji wake toka siku ya kwanza hadi ya mwisho, na kwa usiku mmoja anaweza kulipa kushinda mshahara wa mwezi mzima wa mwalimu wa shule ya msingi.

Ndugu msomaji, leo nataka tuielewe biashara hii: mgeni analipia nini hasa, pesa zake hupita wapi, na mwenye ardhi hubakiwa na nini. Sitaanzia Namibia. Nitaanzia hapa hapa Kenya, Oltepesi katika Kaunti ya Kajiado. Na nia yangu si kuwasemea Wamaasai, wana midomo yao. Nia yangu ni sisi wa pwani, kwa sababu wanachouza wao kwa jina la nyika ndicho tunachouza sisi kwa jina la ufuo.

Oltepesi ni wapi

Ukitoka Nairobi unapita Ongata Rongai na Kiserian, unapanda hadi Kona Baridi kwenye mgongo wa milima ya Ngong, kisha barabara ya Magadi inakuporomosha ndani ya Bonde la Ufa. Nilipopita njia hii, koti nililolihitaji Kiserian nililivua kabla sijafika chini. Kwa mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka jijini unakuwa katika nchi nyingine kabisa: vumbi jeupe, mawe meusi ya volkano, mbuzi na migunga. Jina lenyewe Oltepesi ni la mgunga. Ndivyo Wamaasai wanavyouita mgunga ule wenye kilele bapa kama mwavuli, ambao maganda yake huwalisha mbuzi nyasi zikiisha.

Karibu na hapo pana Olorgesailie, mahali ambapo shoka za mawe zimelala juu ya ardhi kwa mamia, palepale zilipoachwa. J. W. Gregory, mwanajiolojia, alipaona mwaka 1919, na Louis na Mary Leakey wakaanza kuchimba miaka ya 1940. Shoka za kale zaidi hapo zina umri wa takriban miaka milioni 1.2. Mwaka 2018 watafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa Smithsonian wa Marekani walitangaza kwamba zana ndogo zilizochongwa kwa ustadi zaidi zilikuwa zikitumika pale miaka kama 320,000 iliyopita.

Endelea kusini, utafika Ziwa Magadi. Jina hili halihitaji tafsiri kwetu, ni magadi yaleyale tunayotia kwenye maharage yaive upesi. Kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911, reli ikajengwa, na toka wakati huo mzigo wa Magadi umekuwa ukiteremshwa bandarini Mombasa kwenda nje, ambako magadi hutumika zaidi kutengenezea vioo. Kandoni mwa ziwa mna chemchemi za maji ya moto, mna heroe, na mna samaki wadogo jamii ya perege wanaoishi katika maji ambayo samaki wengine wasingevumilia hata dakika chache. Mbele zaidi ni Olkiramatian na Shompole, mpakani mwa Tanzania, na huko ndiko zilizo kambi za kifahari. Kwa hiyo gari la mgeni aliyelipa pesa nyingi hupita Oltepesi. Mara nyingi hupita tu.

Anacholipia mgeni

Kitanda na chakula si kitu kikubwa katika bei ile. Kitanda kizuri kipo Nyali, kipo Diani. Mgeni analipia vitu viwili: nafasi, na mtu wa kumfumbulia ile nafasi.

Tuanze na nafasi. Ule utupu si utupu. Olkiramatian na Shompole wamekuwa na utaratibu wao wa malisho: upande mmoja wa mto Ewaso Ng'iro mifugo hulisha wakati wa mvua, na upande wa pili huachwa nyasi zikue mpaka kiangazi. Kipindi mifugo haipo, pundamilia, nyumbu na swala hulisha humo, na simba huwafuata. Kambi za watalii zimewekwa katika eneo hilo la akiba. Kwa hiyo mgeni anaposema ameona pori ambalo halijaguswa, anachokiona ni kazi ya wazee waliokaa chini ya mti wakakubaliana ng'ombe wasivuke mto kabla ya wakati wake. Kuna mtu aliyejinyima nyasi ili mandhari ile iwepo.

Cha pili ni mwongozaji. Katika jangwa mgeni peke yake haoni kitu. Mwongozaji ndiye anayejua kwamba alama ile ni ya chui na ni ya alfajiri, kwamba mti fulani hutibu tumbo, kwamba mawingu yale hayana mvua. Botswana na Namibia kazi ya kufuata nyayo imewapa sifa Wasan, na huku ni Wamaasai.

Na hapa pana habari yetu sisi. Neno safari tulilitoa kwenye Kiarabu, tukalipeleka bara na misafara, Wazungu wakalichukua na leo limo katika lugha zao. Joseph Thomson alipotaka kupita nchi ya Wamaasai mwaka 1883, alisaidiwa na msafara wa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara Mswahili wa Pangani aliyeijua njia na wenyewe. Kitabu kilipotoka mwaka 1885 kilikuwa na jina la Thomson. Rais wa zamani wa Marekani, Theodore Roosevelt, alishuka Mombasa mwaka 1909 kwa safari kubwa ya kuwinda, na mizigo ilibebwa vichwani na wapagazi zaidi ya mia mbili. Toka mwanzo, basi, mwenye kujua njia amekuwa mmoja na mwenye kuuza safari amekuwa mwingine.

Pesa hupita wapi

Mgeni hulipa kwao, miezi kadhaa kabla hajafika. Wakala hukata chake. Kampuni ya Nairobi hukata chake. Ndege, magari, kodi za serikali na mwenye kambi nao wana yao. Mpaka kufika kijijini, pesa ile huingia kwa milango minne tu.

Wa kwanza ni kodi ya ardhi, yaani malipo ya mwaka yasiyobadilika, wageni waje au wasije. Wa pili ni ada ya usiku, ambayo hulipwa kwa kila mgeni anayelala. Wa tatu ni mishahara ya walinzi, wapishi na waongozaji wa hapohapo. Wa nne ni manunuzi: nyama, maziwa, shanga, kuni, usafiri.

Tofauti ya mlango wa kwanza na wa pili si ndogo. Korona ilipofunga anga mwaka 2020, aliyetegemea ada ya usiku alipata sufuri. Aliyekuwa na kodi ya ardhi ndani ya mkataba alikuwa na haki ya kudai, ijapokuwa kudai si kulipwa. Na ukame ulipotwanga Kajiado mwaka 2022, ng'ombe walikufa kwa maelfu huku serikali ikihesabu ndovu 205 waliokufa nchini baina ya Februari na Oktoba. Mwaka kama huo ndipo familia huijua thamani ya shilingi isiyotegemea mvua.

Wenzetu wa Namibia walifanyaje

Namibia ilibadilisha sheria yake mwaka 1996 ili jamii zinazoishi katika ardhi za pamoja ziweze kusajili hifadhi zao, zichore mipaka, zichague kamati, na kupata mapato ya wanyama na utalii moja kwa moja. Hifadhi za kwanza zilisajiliwa mwaka 1998, ikiwemo Torra kule kaskazini magharibi, ambayo iliingia ubia na kampuni ya safari katika kambi ya Damaraland. Leo hifadhi hizo ni 86. Katika nchi kavu namna ile, ndovu wa jangwani na vifaru weusi wanatembea nje ya mbuga za serikali, na wanaowalinda ni wenyeji waliokuwa wakiwaona kama maadui wa mazao na mifugo.

Haina maana kwamba kila kitu kule ni asali. Ndovu bado huvunja matangi ya maji na simba bado hula mbuzi. Lakini kampuni ilipokuja kutaka mahali pa kuweka kambi, ilimkuta mwenyeji tayari ana karatasi mkononi.

Kajiado historia ilikwenda kombo mapema. Mikataba ya 1904 na 1911 iliwahamisha Wamaasai kutoka malisho bora ya Bonde la Ufa na kisha Laikipia, wakasukumwa kusini. Mwaka 1968 ikaja sheria ya ranchi za pamoja, na baadaye ranchi nyingi zikakatwa vipande, kila mtu na hatimiliki yake, kisha madalali wakafuata. Kitengela ni mfano ulio wazi. Njia ya wanyama wa Mbuga ya Nairobi imejaa nyua na maghorofa, ingawa toka mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye mashamba dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua. Dola 4 hazishindani na dalali.

Shompole nako walipata funzo lao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jamii iliingia ubia na mwekezaji, hoteli ya kifahari ikajengwa, na mwaka 2006 Shompole ikapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Miaka michache baadaye ubia ukavunjika kwa mzozo na hoteli ikafungwa. Utalii umerudi huko kwa mipango mingine, lakini somo limebaki: sifa za ulimwengu haziwezi kushika nafasi ya mkataba ambao kila mwanachama ameuelewa.

Sisi wa pwani

Tunajua vyema hadithi ya karatasi. Sheria ya mwaka 1908 ya kusajili ardhi katika mwambao iliwaacha watu wengi bila hati ya mahali walipozikwa babu zao, na hadi leo tunawaita maskwota. Hoteli zikasimama ufuoni, na njia za kushukia baharini zikawa za kuombwa.

Lakini pia tuna mifano yetu ya kheri. Kuruwitu, Kilifi, wavuvi wenyewe walikubaliana kulifunga eneo la bahari lisivuliwe ili samaki wazaane, wakaliita tengefu. Jambo hili ni lilelile la Olkiramatian: kujinyima leo ili kesho kuwe na kitu. Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni toka mwaka 2013, na fedha zimeingia katika maji na shule. Wasini, akina mama wana njia yao ya mbao katikati ya matumbawe na mikoko, na mgeni hulipa mlangoni kwao.

Sheria ipo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema mkataba wa mwekezaji katika ardhi ya jamii si halali mpaka uidhinishwe na thuluthi mbili ya watu wazima katika mkutano ulioitishwa kwa jambo hilo. Inataka pia mkataba ueleze fidia, mgao wa mapato, athari kwa mazingira, na jinsi ardhi itakavyorudishwa katika hali yake. Kuidhinishwa na mwenyekiti na jamaa zake watatu hotelini si kuidhinishwa.

Kwa hivyo siku mwekezaji atakapokuja na michoro mizuri ya kambi ya kifahari, iwe ni Tana Delta, Lamu au Taita, wazee na vijana waulize maswali haya kabla ya soda kufunguliwa: Kodi ya ardhi ni kiasi gani, wageni wasipokuja? Ada ya usiku itahesabiwa na nani, na kitabu cha wageni tutakiona? Waongozaji watakuwa watoto wa hapa, na nani atawalipia mafunzo mpaka wapate vyeti? Nyama na samaki vitanunuliwa wapi? Mkataba ni wa miaka mingapi, na ukivunjika majengo ni ya nani?

Dini yetu imetufundisha kuandika deni na kuweka mashahidi hata baina ya watu wanaoaminiana. Seuze mgeni tuliyekutana naye jana. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mgeni mwenyewe hana neno, amekwisha kulipa. Kama mwenyeji hajapona, tuisome karatasi iliyo kati yao.